Mwavuli wa doti nne

Ijumaa usiku, bwenini, Tunguu.

Najua nilisema mara hii nitaandika juu ya mikarafuu na kimbunga cha mwaka 1872, na bado nitaandika inshaallah, lakini juzi kimeingia kitu kichwani na hakitoki. Wacha nikitue hapa kwanza.

Binamu yangu yupo Dubai mwaka wa tatu sasa. Kazi yake ya ofisini, mshahara si haba, na kama vijana wengi wa huko akapata mchezo. Wenzake wanacheza mpira, yeye anaruka kutoka kwenye ndege. Kajifunza vizuri, kapata leseni, na mpaka wiki iliyopita alikuwa kesharuka mara 60. Nyumbani kwao Mwembetanga mama yake hajui, na mie siandiki jina ili aendelee kutojua.

Basi kanitumia ujumbe wa sauti, furaha imemjaa: kuna mtu anauza parachuti lake lililotumika, bei nzuri, mwavuli wa futi za mraba 135. Yeye siku zote anarukia wa kukodi, futi 190. "Dada, huu mdogo unakwenda bwana, na nikinunua sasa sitonunua tena." Akaniuliza, eti wewe si unasoma historia, niambie kama kuna ubaya. Nikacheka. Historia na parachuti wapi na wapi? Halafu nikaanza kusoma, nikakuta kumbe suala lake lote ni la historia.

Kwanza nifanye hesabu ya kwetu, maana futi za mraba hazinielei. Kanga moja ina upana wa kama mita moja na kidogo na urefu wa mita moja na nusu. Doti, yaani kanga mbili ambazo hazijakatwa, ni kama mita za mraba 3.3. Mwavuli wa futi 190 ni doti tano na zaidi kidogo. Wa futi 135 ni doti nne kasoro. Kwa hiyo jamaa anataka kupunguza doti moja na nusu juu ya kichwa chake. Ukilitazama hivyo unaona si jambo kubwa, hata mama akifunga mzigo wa safari haoni tofauti. Shikilia hapo.

Jumamosi nilishuka mjini, nikaenda Malindi kwa babu. Babu alikuwa baharia wa majahazi ujanani mwake, sasa anakaa barazani na kahawa. Nikamwamkia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Chuo hamjafunga?"

Nikamweleza habari ya mtu kubadili nguo kubwa juu ya kichwa akaweka ndogo, bila ya kumtaja mtu wala ndege. Babu hakufikiri hata dakika. Akasema, tanga dogo ndiyo salama. Upepo ukizidi unatua foromali, unafungua tanga kubwa, unafunga dogo, unatweka tena. Anayeng'ang'ania tanga kubwa ndiye anayezama.

Na kwa bahari babu yuko sawa kabisa. Tanga la jahazi halina zile kamba za kulikunja nusu kama matanga ya mashua za Kizungu. Ukitaka kulipunguza lazima ulibadilishe, na ndiyo sababu vyombo vikubwa vilivyokuja hapa na kaskazi kutoka Ghuba vilichukua zaidi ya tanga kuu moja. Mwaustralia Alan Villiers, aliyesafiri kwenye bumu la Kikuwait msimu wa 1938 na 1939 mpaka hapa Unguja na delta ya Rufiji, aliona kwa macho kazi ya mabaharia ilivyo pale nguo inapobadilishwa. Mikono inachubuka, chombo kinayumba, lakini hakuna njia nyingine. Upepo mkubwa, tanga dogo. Hiyo kanuni iko kwenye damu ya watu wa pwani hii.

Nenda Paje leo utaikuta kwa vijana wa kaiti. Tangu miaka ya 2000 ile fukwe imejaa watu wanaovutwa na kaiti kubwa juu ya ubao, ndani ya mwamba, humohumo wanamolima mwani akina mama (na ugomvi wa nafasi upo, siku nyingine nitauandika). Kaiti zile zenye mirija ya kujazwa upepo zilianzia kwa ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walioomba hataza yao mwaka 1984. Kusi likikaza mwezi wa saba, mwalimu anamwambia mwanafunzi aache ya mita 12 achukue ya mita 9 au 7. Upepo mkubwa, kaiti ndogo. Sawasawa na babu.

Sasa tatizo liko hapa. Mtoto wa pwani aliyekulia kwenye kanuni hii akienda kuruka na parachuti, kichwa chake kinamwambia kwamba nguo ndogo ni nguo ya upole. Na kwenye parachuti ni kinyume chake, kinyume kabisa! Mie mwenyewe nilikuwa sijui.

Sababu yenyewe si ngumu. Jahazi na kaiti vinasukumwa na upepo wa nje, na upepo huo ndio nguvu unayopambana nayo. Nguo kubwa inakamata nguvu nyingi, ndogo inakamata kidogo. Parachuti halisukumwi na upepo, linabebwa nao tu kama jani. Kinacholiendesha ni uzito wa mtu aliyening'inia chini yake, na uzito huo haupungui ukipunguza nguo. Binamu yangu na vifaa vyake ni kama kilo 87, ratili 192 kwa hesabu wanayotumia wao. Zile ratili 192 lazima zibebwe, zikibebwa na doti tano au na doti nne. Nguo ikiwa ndogo, njia pekee ya kubeba mzigo uleule ni kwenda kwa kasi zaidi.

Hapo ndipo historia inapoingia, maana kwa muda mrefu sana watu hawakuwa na hamu yoyote ya mwavuli mdogo. Walitaka mkubwa. Mfaransa André-Jacques Garnerin aliporuka kutoka kwenye puto mjini Paris tarehe 22 Oktoba 1797, mwavuli wake ulikuwa na kipenyo cha kama mita 7, yaani doti karibu 12. Haukuwa na tundu juu la kutoa hewa, basi ukamyumbisha njia nzima kama kengele, akashuka mzima lakini tumbo limemvurugika. Wale wa jeshi wakaongeza ukubwa. Ule wa Marekani unaoitwa T-10 ulikuwa na kipenyo cha futi 35. Kwa hesabu yangu ya kanga ni doti 27, unaweza kufunika ukumbi wa harusi!

Na hiyo miavuli ya duara imeshuka kwa majirani zetu wanaosema Kiswahili. Tarehe 24 Novemba 1964, asubuhi mapema, askari wa miavuli 320 wa Ubelgiji waliruka Stanleyville, Kisangani ya leo, kutoka kwenye ndege tano za C-130, kuwatoa mateka waliokuwa mikononi mwa Simba. Miaka kumi na minne baadaye, tarehe 19 Mei 1978, ikawa zamu ya Kolwezi, kule Shaba. Kikosi cha pili cha miavuli cha jeshi la kigeni la Ufaransa, chini ya Kanali Philippe Erulin, kiliruka na T-10 zilizotoka kwenye ghala la jeshi la Zaire, sio parachuti walizozizoea. Siasa za operesheni zote mbili ni mada nzito na walimu wetu hawakubaliani hata kidogo, siiingilii leo. Ninachotaka ni kitu kimoja tu: mwavuli wa duara unashuka, basi. Kuuongoza huwezi isipokuwa kidogo sana, na mwendo wa kushuka ni ule ule mpaka ardhini. Ndiyo maana askari anafundishwa kubana miguu na magoti pamoja na kubiringika. Kwenye mwavuli kama huo kupunguza nguo maana yake ni moja, kugonga chini kwa nguvu zaidi. Hakuna mtu mwenye akili aliyeomba mdogo.

Kilichobadilisha mambo ni kaiti. Naam, kaiti tena. Domina Jalbert alikuwa mtengenezaji wa kaiti, mzaliwa wa Kanada aliyeishi Florida. Mwaka 1964 aliomba hataza ya bawa la kitambaa lenye mifuko iliyo wazi mbele, na akaipata mwaka 1966. Hewa inaingia kwa mbele, inaijaza mifuko, kitambaa kinakuwa bawa la ndege. Kitu hiki hakishuki tu, kinaruka. Kinakwenda mbele kwa mwendo wa kama kilomita 35 hadi 40 kwa saa mtu akiwa na ratili moja kwa kila futi ya mraba, na ukikaribia ardhi unavuta breki zote mbili chini, bawa linabadili ile kasi ya mbele kuwa nguvu ya kukunyanyua, unasimama kwa miguu kama umeshuka kwenye daladala iliyosimama vizuri.

Ukishaelewa hilo utaelewa kwa nini watu walianza kupenda midogo. Kasi sasa ni mtaji. Mwavuli mdogo unakuja na kasi nyingi, na mtu anayejua kuitumia anapata kunyanyuliwa zaidi, anateleza juu ya majani mita nyingi kabla ya kuweka mguu. Ni kitu cha kupendeza, tusidanganyane. Nimetazama video mpaka bando likaisha. Lakini mtaji huohuo ndiyo deni, usipoulipa kwa wakati wake unalipwa na mifupa.

Miaka ya 1980 mwishoni kikaja kitambaa kisichopitisha hewa kabisa. Nailoni ya zamani ilikuwa inavuja kidogo kidogo, kwa hiyo ukubwa ulikuwa lazima. Kitambaa kipya kiliruhusu nguo ndogo kubeba mtu yuleyule. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 yakaja mabawa yenye umbo la yai, makali ya kugeuka, kama Stiletto ya kampuni ya Performance Designs. Kufika mwisho wa muongo ule, kuruka na mwavuli mkubwa ilikuwa aibu, kama kuja chuoni na simu ya tochi.

Na kwenye miaka hiyohiyo vifaa vingine vilikuwa vinazidi kuwa salama. Bill Booth wa Marekani alikuwa keshabuni pete tatu za kuachia mwavuli mbovu, miaka ya 1970. Mjerumani Helmut Cloth akatoa kifaa chake cha Cypres mwaka 1991, kinachofungua mwavuli wa akiba chenyewe kama mtu amezimia au amesahau. Ungetegemea vifo vimalizike. Kweli, wale waliokuwa wanakufa bila kufungua walipungua sana. Lakini likajitokeza fungu jingine ambalo zamani halikuwepo kwa wingi: watu wanaokufa wakiwa chini ya mwavuli mzima, uliofunguka vizuri, hauna hata uzi uliokatika. Booth mwenyewe anajulikana kwa kusema kwamba kila vifaa vikizidi usalama, warukaji nao wanajiongezea hatari mpaka vifo vibaki palepale. Ni kauli ya uchungu ikitoka kwa mtu aliyetumia maisha yake kutengeneza usalama.

Wanakufaje? Hapa nilimpigia binamu mwenyewe, akanieleza, na nadhani wakati anaeleza alianza kujisikia. Sio kwamba mwavuli mdogo unaanguka. Ni kona ya chini. Mtu anakuja kutua, yuko juu kiasi cha mnazi mmoja na nusu, mara anaona kitu mbele, waya, gari, mtu mwingine anayetua. Mkono unavuta breki ya upande mmoja kwa nguvu, kwa silika tu. Bawa linalala upande, pua inainama, mtu anarushwa nje kama jiwe kwenye teo, na bawa linapiga mbizi. Mwavuli mkubwa wenye kamba ndefu unapoteza kimo kidogo na unarudi sawa. Mdogo una kamba fupi, unajibu mara moja, unapiga mbizi kali na unahitaji kimo kirefu kurudi. Kimo hicho hakipo. Anafika chini akiwa bado anazama.

Kosa lilelile, mkono uleule. Kwenye doti tano anavunjika kifundo cha mguu au anachafuka nguo, kwenye doti nne... tuyaache.

Nikapiga hesabu yake. Ratili 192 kwa futi 190 ni 1.01 kwa kila futi. Kwa futi 135 ni 1.42. Mwendo hauongezeki sawa na uzito bali kwa kipeuo chake cha pili, kwa hiyo atakwenda kasi zaidi kwa asilimia 19 hivi. Akanijibu, "Dada, 19 tu!" Nikamwambia subiri, nguvu ya kugonga ni mwendo kwa mwendo, hiyo inaongezeka kwa asilimia 41. Na hapo bado hatujahesabu kugeuka. Akanyamaza. Mie hesabu nilizikimbia tangu skuli ya sekondari, nikajiona profesa siku hiyo.

Warukaji wenyewe waliona balaa hili na wakaanza kujitungia kanuni miaka ya 2000. Mwalimu wa Kimarekani Brian Germain akatoa mizani rahisi: mtu aanze na ratili 1 kwa futi, kisha aongeze 0.1 kwa kila miruko 100, asizidi hapo. Kwa miruko 60 binamu yangu anastahili 1.06. Ile 1.42 anayoitaka inakuja baada ya miruko 420. Uholanzi wao hawakungoja hiari, wakaweka sheria: idadi ya miruko yako ndiyo inayosema mwavuli gani uruhusiwe. Wapo waliolalamika kwamba uhuru umeingiliwa. Mie namuelewa anayelalamika, lakini naielewa zaidi hiyo sheria.

Kitu kilichonigusa zaidi ni orodha aliyoiandika mrukaji mmoja, Bill von Novak, kwa anayetaka kushuka saizi. Haina hesabu. Inauliza tu: mwavuli ulio nao sasa, umeshaumaliza? Unaweza kugeuka nyuzi 90 ukiwa futi 50 tu kutoka ardhini, bila ya kuulaza? (Njia ni kuvuta breki zote mbili kwanza, halafu upande mmoja kidogo zaidi, bawa linazunguka likiwa limekaa sawa.) Unaweza kugeuza huku umeshaanza kuvuta breki za kutua? Unaweza kutua upepo ukiwa ubavuni, na siku isiyo na upepo kabisa? Unatua ndani ya mita 10 za pale ulipokusudia, kila mara? Umewahi kutua kwenye mteremko? Kama bado, mwavuli huo mkubwa bado una mambo ya kukufundisha, na ni afadhali ukufundishe yeye kuliko mdogo wake.

Nilimsomea binamu orodha nzima kwa simu, moja moja. Akajibu mbili ndiyo, moja "nadhani", zilizobaki kimya.

Halafu akaleta hoja ya upepo. Eti siku za upepo mkali mwavuli mkubwa unamrudisha nyuma, mdogo unapenya. Hapo lazima nikiri ana chembe ya ukweli, na babu naye ana chembe yake. Mtu mwepesi chini ya nguo kubwa, upepo wa nje ukizidi mwendo wa mwavuli, kweli anarudi kinyumenyume. Lakini dawa ya upepo huo kwa mtu wa miruko 60 ni kukaa chini na kunywa chai. Jahazi likiwa baharini halina hiari, limeshakutwa na upepo. Mrukaji yuko ardhini, ndege haijaondoka, hiari anayo yote. Hiyo ndiyo tofauti babu hakuipata maana sikumwambia habari yenyewe.

Jambo jingine ambalo sikulitegemea ni la biashara. Begi la parachuti linashonwa kwa saizi ya mwavuli. Mwavuli wa futi 190 hauingii kwenye begi la 135. Kwa hiyo kijana mwenye pesa ya kununua mara moja anashawishika kununua begi la saizi atakayoitaka baada ya miaka mitatu, kisha anabanana na mwavuli mdogo kuanzia leo. Wauzaji wanajua. Na soko la vitu vilivyotumika limejaa midogo, kwa sababu walioshuka saizi wanaendelea kushuka na wanauza ile ya katikati. Nadhani hii inaua watu kuliko ushujaa. Ukiacha sifa za vijana, kuna mtu tu anayehesabu dirhamu zake na kuona akinunua 170 leo atapoteza pesa kesho. Siwezi kumcheka, nami natembea na kandambili saizi ndogo kwa sababu zilikuwa za bei ya kushuka.

Sifa nazo zipo, bila shaka. Dubai hiyohiyo, mwezi wa Aprili 2014, Mvenezuela Ernesto Gainza alitua na mwavuli wa futi za mraba 35, mdogo kuliko wote waliowahi kutua nao. Kabla yake Mbrazili Luigi Cani alikuwa ametua na wa futi 37. Futi 35 ni mita za mraba 3.25. Nilipopiga hesabu nilicheka peke yangu maktaba mpaka watu wakageuka: ni doti moja. Doti moja ya kanga! Mtu mzima kaning'inia angani na kanga mbili na kafika chini mzima. Binamu ana picha yake kwenye simu. Lakini Gainza alikuwa na maelfu ya miruko nyuma yake, na alifika kwenye doti moja kwa kupita kwenye doti zote zilizotangulia.

Huku kwetu Afrika Mashariki anayetaka kuona mchezo huu kwa karibu aende Diani, pwani ya kusini ya Mombasa, watu wanaruka pale wanatua ufukweni. Na pwani ina neema moja ambayo watu wa bara hawana: hewa nzito. Ukipanda kama Arusha, mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10, na mwavuli uleule, mtu yuleyule, unakwenda kasi zaidi kwa asilimia 7 hivi. Yaani aliyejifunza pwani akirukia bara ni kama kashushwa saizi bila ya kuulizwa. Joto nalo linafanya hivyohivyo, na Dubai mwezi wa nane mnaijua.

Mwisho niseme ukweli wa upande wa pili, nisije nikaonekana natisha watu. Mambo yamekuwa mazuri. Mwaka 2023 chama cha warukaji cha Marekani kilihesabu vifo 10 katika miruko kama milioni 3.65 nchini mwao, na miongo ya nyuma vilikuwa vinafika makumi kadhaa kwa mwaka na miruko ikiwa michache zaidi. Kwa hiyo Booth, mie naona, hakuwa sahihi mpaka mwisho. Watu walipoanza kufundisha namna ya kuendesha mwavuli, sio namna ya kuruka tu, wengi walipona. Ila sehemu kubwa ya wanaoumia bado wanaumia kwenye kutua, na mwavuli wao mzima.

Jana jioni nilirudi Malindi nikamweleza babu habari yote, ndege na Dubai na kila kitu, isipokuwa jina. Alisikiliza mpaka kahawa ikapoa. Akauliza swali moja: "Huyo kijana, mwavuli mkubwa ameshawahi kuutua pasipo upepo?" Lile ni swali la orodha ya von Novak, wallahi, na babu hajui kusoma Kiingereza. Nikamwambia sijui, ndilo mojawapo alilonyamazia.

Leo baada ya sala ya Ijumaa binamu kaleta ujumbe. Hajanunua. Muuzaji kamwambia kuna mteja mwingine, aamue kabla ya Jumapili. Yeye kesho asubuhi anakwenda kurukia ule wa 190, anasema upepo umetabiriwa kuwa sifuri na anataka atue palepale kwenye alama, mara tatu mfululizo. Nimemwambia anipigie akimaliza. Amejibu na kidole gumba tu.